Saa mbili za kwanza: uchambuzi wa kisa cha mpenda muziki aliyekuwa DJ wa house ukubwani

Kuhusu kisa hiki

Ninakodisha vyombo vya muziki Dar es Salaam, na pembeni nafundisha watu kumiksi, yaani kuunganisha nyimbo bila muziki kukatika. Katika wote niliowahi kuwafundisha, huyu ndiye ninayeulizwa habari zake zaidi, kwa kuwa alianza kwenye umri ambao wenzake wengi wanatafuta mnunuzi wa spika zao. Nimebadilisha kazi yake, mtaa wake na baadhi ya tarehe. Kumbi sizitaji kabisa. Yeye mwenyewe amelisoma andiko hili na kulikubali, akaniomba tu nisimpambe. Humu nitamwita Kanda, kwa sababu ya kaseti zake.

Nimewaandikia wale wanaopenda muziki tangu utotoni na wanaodhani mapenzi hayo yatawafikisha kwenye deki yenyewe, mashine ya DJ ya kupigia nyimbo. Nimewaandikia pia wanaofundisha kama mimi, maana sehemu ya makosa ni yangu na nitayasema panapostahili.

Alikotoka

Kanda alizaliwa katikati ya miaka ya 1970 kwenye pwani ya kaskazini ya Tanzania, upande wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vya Tanga, ambako harusi isiyo na taarabu ilikuwa inaonewa huruma. Mama yake alikuwa mtu wa kualikwa, na mtoto alifuata. Katika harusi hizo nyimbo zenyewe hazikumkaa sana kichwani. Kilichomkaa ni wanawake walioinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. "Mstari wa kutunza ukiwa mrefu, mwimbaji anaurudia ubeti," aliniambia siku ya kwanza tulipoonana. "Mstari ukikatika, anasonga mbele." Nikaitikia kwa heshima tu, kama mtu anavyoitikia habari za utotoni za mkubwa wake, nikaendelea kumwonyesha nyaya.

Nyumbani kwao kulikuwa na redio-kaseti, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na rekodi za bendi zote zilizotamba: Mlimani Park na Sikinde yao, Juwata na Msondo, Maquis. Kanda alirekodi, na kwa kila kaseti aliandika kwenye daftari: jina la wimbo, bendi, tarehe, na namba ya kaunta, kile kihesabio cha utepe, pale wimbo unapoanzia. Pembeni aliweka namba ya pili, akaizungushia duara. Hiyo ilikuwa pale wimbo unapogeuka, ubeti unakwisha, gitaa linafunguka na watu wanaachiana mikono; ndiyo sebene, au chemko kama wengine walivyoita. Alikuwa na miaka 12 na alitaka kuifikia sebene bila kupitia ubeti. Daftari hizo bado anazo. Nimezishika. Nyingine zimeliwa na mende kwenye kona, lakini namba zinasomeka.

House, muziki wa kuchezea unaotengenezwa kwa mashine, ilimfikia kwa njia ya bandari. Karibu na mwaka 1990 binamu yake baharia alishuka na kaseti isiyo na jina. Ngoma ya chini ilipiga kila pigo bila kuruka, matoazi katikati yake, makofi kwenye pigo la pili na la nne, na mwanamke akiimba kana kwamba yuko kanisani. Kanda anasema mwanzo alidhani mashine imekwama.

Hakujua kwamba muziki huo ulikuwa bado mchanga na ulitoka kwa watu waliofanya alichokuwa akikifanya yeye. Frankie Knuckles alipiga kwenye klabu ya Warehouse jijini Chicago kuanzia 1977 hadi 1982, na wengi wanasema jina la house limekatwa kutoka jina la klabu hiyo. Wateja wake walikuwa hasa vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, mashoga wengi kati yao, waliokaa humo usiku kucha. Nyimbo za disko zilikuwa fupi kuliko usiku huo. Knuckles akawa anakata utepe wa rekodi na kuuunga upya ili sehemu ya kuchezea irefuke. Baadaye zikaja mashine za ngoma kama Roland TR-909 ya mwaka 1983, na kufikia 1984 Jesse Saunders alikuwa ametoa santuri ya "On and On", ambayo huhesabiwa miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za house. Yule mtoto wa pwani na duara zake za kaunta, na yule mtu wa Chicago na wembe wake, walikuwa wanakimbiza kitu kilekile.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Alihamia Dar, akaajiriwa, akaoa, akalea. Kwaito ilipopanda kutoka Afrika Kusini miaka ya 1990 aliinunua. House ya huko ilipoifuata, aliinunua nayo. Hakuwahi kupiga popote. Alikuwa yule jamaa ambaye kwenye sherehe anasimama karibu na DJ na kumwuliza toleo la wimbo.

Uamuzi wa kuanza

Mwaka 2021, Kanda akiwa na miaka 46, DJ wa sherehe moja ya kifamilia hakutokea. Kanda akaunganisha simu yake kwenye spika, akapiga saa nne. Watu walicheza na kumsifu. Shangazi mmoja alimwambia amekosea kazi. Wiki iliyofuata alikuwa dukani kwangu.

Tulifanya maamuzi matatu, na nayaeleza kwa sababu kila moja lilikuja kudai malipo yake.

La kwanza ni kifaa. Alinunua kontrola ya DDJ-400 iliyotumika, Kariakoo, kwa shilingi 650,000. Nilimshauri hivyo: ndogo, inafanya kazi na kompyuta, mpangilio wake unafanana na wa deki za ukumbini. Sikumkalisha kwenye deki zenyewe hata siku moja. Nilizokuwa nazo zilikuwa kwenye kodi kila wikiendi, na siku za kazi nilikuwa nimechoka. Hiyo ndiyo sababu halisi, sina nyingine.

La pili ni kitufe cha SYNC, ambacho hulinganisha kasi za nyimbo mbili kwa niaba yako. Mimi nilitaka akitumie ili muda uende kwenye mambo mengine. Akakataa. Alitaka kulinganisha kwa sikio, hedifoni upande mmoja na spika upande mwingine, kama walivyofanya wazee wa santuri. Ilimchukua miezi minne, kila siku baada ya kazi. Tulihesabu pamoja mapigo 32, kwa kuwa house imejengwa kwa vipande vya urefu huo. Kwenye kasi ya mapigo 122 kwa dakika kipande kimoja ni kama sekunde 16, na wimbo mpya ukiingia katikati yake hata asiyejua muziki anahisi kuna kitu kimepinda. Tulifanya mazoezi ya kuondoa besi ya wimbo unaotoka sekunde ileile unapoachia besi ya wimbo unaoingia, kwa sababu besi mbili zikikaa pamoja zinapigana. Mikono yake ilikuwa mizuri. Nilijivunia mikono ile.

La tatu ni nyimbo. Alikuwa na zaidi ya 900, nyingi zimevutwa kutoka intaneti bure, bila kuangalia ubora. Nilimwambia anunue. Akasema atanunua akianza kulipwa, nami nikanyamaza.

Mkewe aliweka sharti lake: ada za shule haziguswi, na usiku wa kutoka ni mara mbili kwa mwezi, basi. Katika watu wote wa kisa hiki, yeye peke yake ndiye aliyeweka kipimo tangu mwanzo.

Usiku wa Desemba

Nilimwombea nafasi kwenye ukumbi ninaoufungia vyombo. Meneja, dada mmoja makini sana, alimpa saa tano na nusu usiku hadi saa saba, Ijumaa ya Desemba. Muda wa moto. Tulishukuru kama watu waliopewa zawadi.

Ukumbi ulikuwa na deki za Pioneer CDJ-2000. Kanda alikuwa na flashi mpya ya GB 64, nyimbo zimepangwa kwenye mafolda kwa mwaka na mji. Akaichomeka. Deki ikafikiri, kisha ikaandika kwamba haiisomi. Akaichomoa, akaifuta kwenye shati, akaichomeka tena. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilijua tatizo kabla hajageuka: flashi za ukubwa ule kwa kawaida hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa exFAT, na deki zile zinataka FAT32. Nyumbani ni kazi ya dakika chache. Pale, na mkono wake ukitetemeka, haikuwa hivyo.

Kijana aliyekuwa akipiga kabla yake, rika la mwanawe, alimpa flashi yake ndogo. "Chukua hii mzee, pakia haraka, nawashikilia." Akawashikilia kweli, dakika 25. Zikaingia nyimbo 40 kwenye flashi hiyo. Alama zote Kanda alizoziweka kwa miezi, za wapi pa kuingilia na wapi pa kutokea, zilibaki kwenye kompyuta.

Kijana alimwachia watu kama 60 uwanjani, kwenye amapiano ya mapigo 112 hivi kwa dakika. Kanda akauzima wimbo ule na kuwasha house ya Chicago ya miaka ya 1980 yenye mapigo 124. Ni ruko la karibu asilimia 11, bila daraja. Anayecheza amapiano ameshusha uzito magotini. Ghafla anaambiwa atembee wima, haraka. Wimbo wa kwanza walivumilia. Wa pili wakaanza kwenda kununua vinywaji. Wa nne ulikuwa toleo ambalo Kanda alilitafuta miaka sita, na lilipoingia alinyanyua uso kuona nani amelitambua. Nilikuwa mimi tu, na mimi sikuwa nimenunua tiketi.

Kisha zile faili za bure zikajitokeza. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukatwa sauti za juu kuanzia karibu kilohezi 16, na zikishapitia mikono mingi zinazidi kuchakaa. Sebuleni husikii. Kwenye sabufa za ukumbi besi ilikuwa mngurumo usio na umbo, na matoazi yalisikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Kanda alisikia kwamba sauti ni dhaifu, akaongeza. Mita zikawaka nyekundu na kubaki nyekundu. Meneja akaja pembeni yake. "Anko, spika zinalia. Shusha, tafadhali."

Alipiga dakika 40. Kijana akarudi, na wimbo wa pili watu walikuwa wamesimama.

Alilipwa shilingi 50,000 zake zote. Ndani ya gari hakusema kitu mpaka taa za barabarani za Morocco, hapa Dar. Pale ndipo aliposema, akiangalia mbele: "Nimewapigia kaseti zangu."

Njia tatu zilizokuwepo

Tulikaa siku chache baadaye. Njia ya kwanza ilikuwa kuacha, na mimi nilidhani ndiyo atakayochagua. Ya pili ilikuwa kupiga kila kinachoombwa: bongofleva, amapiano, singeli kidogo saa nane usiku, kama wafanyavyo wengi wanaoishi kwa kazi hii. Hakuna aibu humo. Lakini alikuwa na mshahara wa mchana, kwa hiyo hakulazimika, na hakuwa na haraka ya kujifunza muziki ambao vijana wanaujua kuliko yeye.

Ya tatu aliileta mwenyewe. Aliniomba nimwulize meneja nani anapiga saa mbili hadi saa nne usiku. Jibu: hakuna. Mhudumu mmoja alikuwa anawasha orodha kwenye simu mpaka DJ wa kwanza afike. Kanda akaiomba nafasi hiyo, mara mbili kwa mwezi, kwa muda usio na mwisho. Sababu aliyonipa ilikuwa fupi: "Pale hakuna wa kumfukuza."

Masharti yalikuwa nauli na chakula, bila malipo, kwa miezi miwili. Nilipinga. Niliona, na bado naona, kwamba ukumbi unaouza vinywaji kwa muziki wako unapaswa kumlipa anayeupiga, hata kama waliokaa ni wanane. Alikubali masharti hayo bila mimi.

Saa mbili za kwanza

Kuanzia hapa nilikuwa mtazamaji zaidi ya mwalimu. Alifanya mambo mawili kabla ya kupiga hata wimbo mmoja. Aliitengeneza upya flashi, akanunua na ya akiba, zote FAT32, nyimbo zimepitishwa kwenye programu ya Rekordbox ili alama zake zisafiri nazo. Kisha akachagua nyimbo 60 katika zile 900 na kuzinunua upya zikiwa na ubora kamili, kwenye Traxsource na Bandcamp, kila mmoja kwa kati ya dola moja na nusu na dola mbili na nusu, chache kila mshahara.

Halafu akarudisha daftari. La kuandikia kwa mkono, si la kwenye simu. Alisema mwanga wa simu unawafanya watu wadhani DJ amechoka nao. Safu zilikuwa nne: saa, wimbo, kasi, na safu aliyoipa jina "wameinuka". Mwezi wa kwanza safu hiyo ilijaa sifuri. Nilimwonea huruma. Yeye hakuonekana kusikitika, na baadaye nikaelewa ni kwa nini. Alikuwa ameacha kuhesabu wanaocheza. Alikuwa anaandika kitu kingine kwa penseli, pembeni.

"Miguu, meza ya dirishani." "Dada wa kaunta, kichwa." "Mhudumu wa trei, hatua zimeingia kwenye pigo."

Kwa saa ile wahudumu ndio wa kwanza kucheza, bila wenyewe kujua. Wanatembea muda wote, na kasi ya muziki ikikaa vizuri hatua zao zinaingia humo. Kanda aliona kwamba kwenye mapigo 116 hadi 118 trei zinatembea na ngoma, na kwenye 124 wanatembea dhidi yake. Akaanza usiku chini, bila kuimba kwingi, akapanda pigo moja kwa kila nyimbo mbili au tatu. Kufikia saa nne alikuwa kwenye 122, na hakuna aliyehisi ngazi.

Kuhusu mstari wa kutunza, hapa ndipo uliporudi. Usiku mmoja wa mwezi wa tatu, kama saa tatu na dakika ishirini, wanawake wawili wa meza ya dirishani walisimama. Hawakwenda uwanjani, walisimama tu palepale na glasi zao. Wimbo ulikuwa unakaribia kwisha, na wa kufuata, ambao Kanda aliupenda kuliko wote usiku ule, ulikuwa tayari kwenye deki ya pili. Nilimwona anaweka kidole kwenye kitufe cha kuzungusha kipande, akayashika mapigo 16 ya ngoma na besi, akayaacha yazunguke. Dakika moja. Karibu mbili. Mwanamke wa tatu akainuka. Kanda alikuwa anawaangalia wao tu, kama mwimbaji wa taarabu anayeangalia mstari. Walipofika uwanjani ndipo alipoachia besi ya wimbo mpya.

Aliniambia baadaye kwamba house haina sebene ndani ya wimbo. Rumba inakupa ubeti dakika tatu, kisha sebene inakuja yenyewe, imo kwenye rekodi. Kwenye house DJ ndiye anayeamua sebene ije lini, na anaweza kukaa saa nzima kwenye ubeti. Nimefundisha kumiksi miaka mingi na sikuwahi kuliweka hivyo.

Matokeo hadi sasa

Mwezi wa tatu meneja alianza kumlipa shilingi 80,000 kwa usiku bila kuombwa, kwa sababu watu walikuwa wanaingia mapema na kukaa. Mwaka 2023 ukumbi mwingine, wa wazi, ulimwita kwa Jumapili jioni, saa kumi hadi saa moja. Mwaka 2024 Jumapili moja ya kila mwezi ilikuwa yake peke yake, na yule kijana wa flashi ndiye anayekuja kufunga. Sasa hivi anaingiza kati ya shilingi 300,000 na 400,000 kwa mwezi kabla ya kununua nyimbo. Bado ameajiriwa. Sharti la mkewe la usiku mara mbili halijavunjwa; jioni ya Jumapili walibishana kama ni usiku, na Kanda akashinda kwa hoja ya jua.

Amejaribu tena muda wa moto mara mbili, zote mwaka 2023. Mara ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili alirudisha deki kabla ya muda wake, kwa hiari, watu wakiwa bado uwanjani, akasema anasikia kwamba wanamvumilia.

Uchambuzi

Kosa la kwanza ni langu. Nilimfundisha mikono miezi sita na macho siku sifuri. Mazoezi yote yalifanyika akiangalia kioo cha kompyuta au ukuta. Ningeweza kumpeleka akae ukumbini saa mbili, bila kugusa kitu, ahesabu nani anainuka na kwa wimbo gani. Sasa hivi kila mwanafunzi wangu anafanya hivyo mara tatu kabla sijampa hedifoni, na wengine wananiona nina visa. Jambo la flashi na la deki asizozizoea ni uzembe wa kawaida. Usiku ule ungeharibika hata kama flashi ingesomeka.

Hazina yake ya miaka 30 ilimsaidia kwa namna tofauti na alivyotarajia. Katika nyimbo 900 ametumia kama 150 tu tangu aanze kufungua ukumbi. Zile adimu, alizozitafuta kwa jasho, ndizo alizozipiga kwanza, na ndizo zilizomwangusha. Mkusanyaji huupima wimbo kwa taabu aliyoipata kuupata, na mtu aliyesimama na glasi hana habari ya taabu hiyo. Kilichomsaidia ni tabia iliyozaliwa na mkusanyiko: kusikiliza ukiwa na kalamu, kutia alama pale wimbo unapogeuka, kurudi kesho yake na kusoma. Watu wananiuliza anatumia programu gani kuchambua ukumbi. Ni daftari la shilingi elfu moja.

Kuhusu SYNC, nimebadili mawazo nusu. Miezi minne ya kulinganisha kwa sikio ilikuwa ghali kwa mtu mwenye saa mbili za bure kwa siku, na kulikuwa na kiburi ndani yake, chake na changu pia nilipoanza kumtambia kwa wenzangu. Lakini mara kadhaa programu imesoma kasi ya wimbo vibaya, nusu yake au mara mbili yake, na yeye hakubabaika kwa kuwa hakuwa akiitegemea.

Pale ambapo sikio na programu vyote vimeshindwa ni kwenye ndoto yake kubwa: kuunganisha dansi la zamani na house. Bendi zilirekodi zikipiga moja kwa moja, mpiga ngoma ni binadamu, na sebene ikifika wote wanakimbia kidogo. Wimbo unaanza kwenye 118 na kuishia 126. House ya mashine haitikisiki. Ukiziweka pamoja, kwa mapigo 32 ziko sawa, kwa 64 zinagongana kama viatu kwenye ngazi. Amepata njia ndogo: anakata mapigo manane ya gitaa pale yanapokaa sawa, anayazungusha juu ya ngoma ya house, kisha anayaachia. Inapendeza dakika moja. Sebene nzima bado haiwezekani, na nadhani haitawezekana bila kumharibia mpiga ngoma kazi yake. Hapo hatukubaliani, anaendelea kujaribu.

Suala la malipo. Miezi miwili ya bure ilimfaa yeye, mwenye mshahara. Kijana asiye na mshahara akiiga hatua hiyo anaumia, na kila anayekubali bure anashusha bei ya wote. Nimemwambia hivyo mbele ya watu. Alikubali kwamba angefaa kuomba walau nusu, na kwamba aliogopa kukataliwa.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni masikio. Kufikia katikati ya 2023 alikuwa anarudi nyumbani na mlio kichwani unaokaa mpaka asubuhi. Kipimo ambacho taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inakitumia ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Mtu wa miaka 48 aliyekaa karibu na spika tangu utoto, na sasa hedifoni juu, anakula muda huo kabla wimbo wa nne haujaisha. Sasa anavaa vizibo vya masikio na ameomba spika yake ya ndani ishushwe. Ningemwambia siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa sivai.

Umri, ambao ndio watu hunichokonoa nao, umekuwa na uzito mdogo kuliko nilivyodhani. Ulimnyima saa za usiku na ukampa subira. Kijana wa miaka 22 hawezi kukaa kwenye mapigo 117 saa nzima. Nimejaribu kuwafundisha, mkono unawawasha.

Kuhusu muda wa moto, Kanda anauandika kwenye safu ya kushindwa, na aliponisomea rasimu hii aliniambia nisiufunike. Mimi naona alichagua kazi yake na akaipata. Anasema mtu aliyetia alama sebene tangu ana miaka 12 halafu kila saa nne usiku anamkabidhi mwingine aipige hawezi kusema amefika. Jumapili iliyopita nilimfungia vyombo. Saa moja kasoro alikuwa kwenye 122, uwanja umejaa, kijana amesimama pembeni na flashi yake mkononi. Kanda alimwangalia, akaangalia saa, akayazungusha mapigo 16 mara nyingine moja.